Maswali ya Wasomaji: Nishukuru Nini Katika Wiki Kama Hii?

SWALI

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeajiriwa, na mume wangu pia ameajiriwa. Nakuandikia usiku wa Jumapili, watoto wakiwa wamelala, kwa sababu wiki hii imenitoa jasho na imeniachia swali ambalo linaninyima usingizi.

Usiku wa Jumatatu koki ya sinki la jikoni ilikatika. Tulipoamka maji yalikuwa yameshafika sebuleni, na kwa kuwa tulizima umeme kwa kuhofia nyaya zilizo karibu na sakafu, nilideki gizani kwa muda wa karibu saa mbili huku binti yangu wa miaka saba akinishikia tochi. Jumanne friji ikagoma. Jumatano ufunguo wa mlango wa mbele ulivunjikia ndani ya kitasa tukiwa nje na mizigo yetu, jirani akatukaribisha kwake hadi fundi alipofika usiku. Alhamisi usiku mtoto mdogo alitapika juu ya mashuka yaliyokuwa yamefuliwa siku hiyo hiyo. Mume wangu aliamka akayaloweka, lakini asubuhi aliondoka bila kuyasuuza. Niliporudi kutoka kazini jioni niliyakuta bado yamo ndani ya beseni, yananuka, na nyumba nzima imeshika ile harufu. Nilimwambia maneno ambayo sikupaswa kumwambia, naye akanijibu kwamba katika nyumba hii hakuna anachokifanya kikaonekana. Jioni hiyo hiyo ya Ijumaa gesi iliisha sufuria ikiwa haijachemka. Jumamosi simu yangu iliniponyoka ikatumbukia ndani ya ndoo ya maji.

Leo rafiki yangu, ambaye ni mtu wa imani na ananipenda, alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniambia, "Mshukuru Mungu, wapo wenye shida kuliko zako." Shangazi, nilikasirika. Sikumjibu, lakini moyoni nilihisi kana kwamba amenifunga mdomo. Halafu nikajiona mkosaji, kwa kuwa ni kweli wapo wenye shida kuliko zangu. Sote tu wazima, tuna mahali pa kulala, na hakuna hata jambo moja kati ya haya lililo msiba. Nimejaribu kukaa nishukuru, lakini shukrani ninayoipata inaishia mdomoni. Je, moyo wangu umekuwa mgumu? Na mtu aliyechoka hivi anawezaje kushukuru bila kujidanganya?

Mama wa Watatu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Neno hilo nimelitanguliza kwa makusudi, na ningependa usilipite haraka, kwa sababu nadhani ndilo ulilolikosa leo. Tuna bahati ya kuwa na neno fupi ambalo halimlaumu mtu, halimfundishi wala halimhukumu, bali linamwambia tu kwamba yaliyompata yameonekana. Rafiki yako hakukosea kuitaja shukrani. Aliitaja kabla ya wakati wake, kama mtu anayemkabidhi mwenzake zawadi wakati mikono ya yule mwenzake bado imejaa mizigo.

Nianze na hofu yako ya kuwa na moyo mgumu. Unasema hakuna lililo msiba, na kwa sababu hiyo unajiona huna haki ya kuchoka. Mwaka 1981 Allen Kanner, Richard Lazarus na wenzao wawili walichapisha utafiti uliowafuatilia watu wazima 100 kwa miezi kadhaa, wakiwapa orodha ya kero 117 za kila siku na kuwauliza ni zipi zilizowapata. Miongoni mwa kero zilizotajwa zaidi yalikuwamo matengenezo ya nyumba, wingi wa mambo ya kufanya, na kupoteza vitu. Ukisoma orodha ile utadhani ni barua yako. Watafiti hao walikuta kwamba kero ndogondogo zilibashiri dalili za msongo wa mawazo vizuri kuliko yalivyobashiri matukio makubwa ya maisha. Mimi silishangai hilo hata kidogo. Jambo kubwa likikupata, watu huja, kazini hukupa ruhusa, na hata wewe mwenyewe hujipa ruhusa ya kukaa chini. Ufunguo ukikatikia kitasani hakuna anayekupa pole kwa siku tatu. Unaingia ndani, unawalaza watoto, na kesho yake unaamka kama kawaida kusubiri litakalofuata. Kwa hiyo uchovu wako ni uchovu tu, na wala si ushahidi wa utovu wa shukrani.

Kuhusu yale maneno ya kwamba wapo wenye shida kuliko zako, nitasema wazi kwamba siyapendi, ingawa najua husemwa kwa nia njema na watu wengi wema. Yanatutaka tupate faraja kutokana na mateso ya mwingine, na moyo ulio hai hukataa faraja ya namna hiyo. Tena hayamsaidii yule mwenye shida kubwa. Ukimfikiria yeye kwa haki utamwonea huruma au utampelekea msaada, na hilo ni jema, lakini halitakuonyesha ni kitu gani cha kushukuru katika nyumba yako mwenyewe.

Sasa tuirudie barua yako, kwa sababu jibu la swali lako la pili limo ndani yake, na umeliandika wewe mwenyewe.

Umeandika kwamba ulideki gizani kwa muda wa karibu saa mbili huku binti yako akikushikia tochi. Umelisema kwa nusu sentensi, ukaenda zako kwenye friji. Mimi sikuweza kwenda. Mkono wa mtoto wa miaka saba huchoka kushika kitu baada ya dakika chache. Kwa hiyo lazima aliihamisha ile tochi kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto mara nyingi usizozihesabu, huenda aliishika kwa mikono miwili, huenda aliiegemeza tumboni. Ulipolikamua tambara, mwanga ulikuja juu ya ndoo. Ulipopiga magoti karibu na mlango, mwanga ulikufuata mlangoni, la sivyo usingeweza kumaliza kazi. Ina maana kwamba kwa muda wote huo hakuwa akichezea mwanga ukutani kama watoto wanavyopenda kufanya, bali alikuwa akiyatazama mahitaji yako, saa ambazo alipaswa kuwa amelala. Nami sikuona mahali popote ulipoandika kwamba alilalamika.

Sikuambii ufurahie mafuriko. Mafuriko yalikuwa mabaya na yatabaki kuwa mabaya hata ukiyaandika katika daftari la shukrani mara mia. Ninachokuambia ni kwamba ndani ya zile saa mbili mbaya mtoto alisimama na wewe, na jambo hilo ni la kweli kwa kiasi kile kile ambacho maji yalikuwa ya kweli. Unaogopa kujidanganya, na ni vizuri uogope. Lakini masimulizi ya wiki yanayotaja maji na kumwacha mwenye tochi yana upungufu pia. Shukrani ninayoiamini mimi haihitaji kuongeza neno lolote zuri lisilokuwepo. Huanza kwa kuisimulia wiki yote bila kuacha kitu, kisha mtu akaona nani alikuwepo.

Kwa nini basi tunawaacha? Mwaka 2001 Roy Baumeister na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi sana kuhusu hisia, ndoa, kumbukumbu na kujifunza, wakahitimisha kwamba kwa jumla jambo baya huwa na nguvu zaidi akilini kuliko jambo zuri la ukubwa ule ule. Akili hulipa kipaumbele kinachoweza kutudhuru, na kwa kweli ndiyo kazi yake, maana asiyeona koki inavuja ataamkia majini. Gharama ya ulinzi huo ni kwamba lililokwenda sawa halipigi kelele, na lisilopiga kelele halikumbukwi. Ni lazima ulifuate wewe, kwa makusudi, kama unavyokifuata kitu kilichoangukia nyuma ya kabati.

Pa kuanzia ni kwa watu, kabla ya vitu. Neno letu asante linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya "umefanya vizuri", na mimi hulipenda kwa sababu hiyo: halizungumzii hisia za anayelisema, linazungumzia tendo la anayeambiwa. Kwa hiyo huhitaji kusubiri moyo wako ujae ndipo umshukuru binti yako. Unaweza kumwambia kesho asubuhi, ukiwa bado umechoka na ukiwa huna raha yoyote, nalo litakuwa neno la kweli. Usimwambie tu "asante kwa kunisaidia", maana hayo huambiwa kila mtu. Mwambie ulichokiona: kwamba mkono wake lazima ulimuuma, kwamba alijua kuuelekeza mwanga pale unapodeki bila kuambiwa, na kwamba bila yeye ungekaa majini hadi kupambazuke. Kisha umwache aende akacheze.

Nije kwa baba yao, na hapa nitakuomba uvumilivu. Kuhusu yale mashuka, tendo lake jema umeliandika kwa maneno mawili, "aliamka akayaloweka", na kosa lake ukalipa sehemu iliyobaki ya sentensi ile pamoja na sentensi nzima inayofuata, yenye beseni, harufu na nyumba yote. Najua hukukusudia. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza jozi 37 za wanandoa, mume peke yake na mke peke yake, kila mmoja anachangia kiasi gani katika shughuli 20 za nyumbani. Walipojumlisha majibu ya wawili hao, mara nyingi jumla ilizidi kazi yote iliyokuwepo. Hakuna sababu ya kudhani walikuwa waongo. Kila mmoja alikuwepo wakati anafanya kazi zake mwenyewe, akaona kila hatua na kuihisi mgongoni, lakini kazi za mwenzake aliziona zikiwa zimeshakwisha, au hakuziona kabisa. Mume wako aliposema kwamba hakuna anachokifanya kikaonekana, naamini alikuwa akisema jambo lile lile ambalo wewe ungelisema kama angekutangulia kukulaumu. Nyumba yenu ina watu wawili wanaofanya kazi gizani, na mwenye tochi ni mmoja tu.

Mwombe radhi kwa maneno ya Ijumaa, na usiliunganishe ombi hilo na neno "lakini". Siku hiyo hiyo au siku nyingine, mwambie kwamba unakumbuka aliinuka usiku kabla yako akaenda kuloweka mashuka yenye matapishi, kazi ambayo hakuna anayeipenda. Kisha nyamaza. Usiitumie asante kama chambo cha kuingizia lawama, kwa sababu mtu akishaonja mara mbili asante ya namna hiyo, huanza kuiogopa hata ile ya kweli. Suala la kusuuza ni la haki kabisa, nanyi mlizungumze siku ambayo hakuna aliyekasirika: anayeanza kazi ndiye anayeimaliza, au amjulishe mwenzake kabla hajatoka. Shukrani haiondoi haja ya mapatano.

Kuna aina nyingine ya shukrani ambayo imo tayari kinywani mwako kila siku. Ukiulizwa "hujambo?" unajibu "sijambo", yaani huna jambo lililokusibu. Mara nyingi tunalijibu huku mawazo yako mbali, lakini ukilitazama vizuri utaona kwamba ni jibu linalohesabu yale ambayo hayakutokea. Maji ya Jumatatu hayakumletea mtu ajali ya umeme, na katikati ya taharuki mlikumbuka kuuzima. Mtoto alitapika, naye leo ni mzima. Mwaka 2008 Minkyung Koo na wenzake walichapisha majaribio yaliyogusa jambo hili. Baadhi ya watu waliombwa kuandika jinsi tukio fulani zuri la maisha yao lilivyotokea, na wengine waliombwa kuandika jinsi tukio kama hilo lingeweza kukosa kutokea kabisa. Wale wa pili ndio waliobaki na furaha zaidi, kwa kuwa jambo walilokuwa wamelizoea liligeuka kuwa jambo ambalo nusura wangelikosa. Jaribu hivyo kwa jirani wa Jumatano. Jiulize ni mambo mangapi yalilazimika kwenda yalivyokwenda hata mlango mmoja uwe wazi usiku ule: kwamba mlihamia pale na si penginepo, kwamba siku moja mlisalimiana mkafahamiana, kwamba jioni ile alikuwepo nyumbani na hakusafiri. Nadhani ukifika hapo hutahitaji kulazimisha kitu.

Umeniuliza namna ya kufanya. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha majaribio ambayo katika mojawapo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, wengine mambo hadi matano ya kushukuru, wengine kero, na wengine matukio ya kawaida. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kwa jumla kuwa mazuri zaidi, walikuwa na matumaini zaidi na wiki inayokuja, na walitaja maumivu machache ya mwili. Miaka miwili baadaye Sonja Lyubomirsky na wenzake walieleza kwamba waliohesabu mema yao mara moja kwa wiki walipata nafuu, lakini waliofanya hivyo mara tatu kwa wiki hawakuipata. Kwangu mimi hii ni habari njema kwa mama wa watoto watatu. Usijiwekee wajibu mwingine wa kila usiku. Chukua robo saa ya Jumapili, andika matatu au matano, na kila moja liwe na mtu, mahali na tendo. "Familia yangu" ni neno kubwa mno la kuandika katika daftari hilo. "Tochi, Jumatatu usiku" linatosha. Kama kuna kero inayokuwasha, iandike pia ukurasa wa pili, maana daftari lisiloruhusu malalamiko litakuchosha upesi.

Nisikufiche kwamba nguvu ya zoezi hili ina mipaka. Uchambuzi wa mwaka 2021 uliounganisha majaribio mengi ulikuta kwamba mazoezi ya shukrani huleta nafuu ndogo tu kwa dalili za sonona na wasiwasi. Iwapo kwa wiki mbili au zaidi utajikuta karibu kila siku una huzuni, hupati usingizi hata nafasi ya kulala ikiwepo, na hakuna kinachokupa raha, basi nenda kwa daktari, wala usijiambie kwamba tatizo lako ni kutoshukuru.

Na matengenezo yafanyike. Waonyeshe wote nyumbani, akiwemo yule wa miaka saba, koki kuu ya maji ilipo na inavyofungwa. Ufunguo wa akiba mpe jirani yule yule, ikiwa hana kizuizi. Simu iliyolowa isiwashwe wala isichajiwe hadi ikauke kabisa au ionwe na fundi.

SWALI

Shangazi,

Naishi kwa kaka yangu kwa sababu ya masomo. Kazi nyingi za nyumba hiyo nazifanya mimi, na kitu chochote kikivunjika au kupotea, wa kwanza kuulizwa ni mimi. Wiki iliyopita jagi lilivunjika wakati mimi nikiwa darasani, na bado nililaumiwa. Nikijaribu kujieleza, wifi yangu huniambia nishukuru kwamba nimepewa mahali pa kulala. Ni kweli wamenisaidia sana. Lakini neno "shukuru" limekuwa likinichoma kila nikilisikia. Nifanye nini?

Mgeni Asiyeisha Ugeni

JIBU

Mwanangu, barua yako nimeiweka pamoja na ile ya kwanza kwa sababu inaonyesha jinsi neno lile lile linavyoweza kutumika kufunga mlango. Ulichoelezwa na wifi yako kinaitwa deni, na deni na shukrani si ndugu wa karibu kama watu wanavyodhani. Mwaka 2006 Philip Watkins na wenzake walionyesha kwamba kadiri mtoaji anavyoonekana kutarajia malipo, ndivyo anayepokea anavyojihisi mdaiwa zaidi na kushukuru kidogo. Kwa hiyo kuchomwa kwako si ubaya wa tabia. Kila unapokumbushwa ulichopewa ili unyamaze, ile zawadi inageuzwa kuwa hesabu, na moyo wako unaiona hesabu hiyo.

Hata hivyo, usikubali wakunyang'anye na shukrani yako. Ni mali yako, nawe una haki ya kuitoa kwa hiari na kwa namna yako. Mtafute kaka yako siku tulivu, na ikiwezekana wifi yako awepo ili asije akadhani unamsema nyuma ya mgongo wake. Waambie mambo mawili au matatu ambayo kweli unawashukuru, kwa uwazi wa kutosha wajue kwamba uliyaona: pengine ni chumba, pengine ni siku ambayo kaka alikusubiri usiku ulipochelewa kurudi. Halafu siku nyingine, kwa adabu ile ile, omba jambo moja mahususi. Usiombe "nitendewe haki", kwa sababu ombi hilo ni pana na kila mtu atajitetea. Omba zamu ya kazi iandikwe na kubandikwa jikoni, na kitu kikivunjika kila mmoja aulizwe kabla ya mmoja kulaumiwa. Ukiona ombi hilo dogo nalo limejibiwa kwa "shukuru", tafuta mkubwa wa familia mnayemheshimu nyote akae nanyi. Na kama kuna lolote unalofanyiwa ambalo ni zaidi ya maneno, kama kupigwa au kunyimwa chakula, usisubiri kikao. Mweleze leo mtu mzima unayemwamini nje ya nyumba hiyo.

SWALI

Shangazi, watoto wangu husema asante pale tu ninapowakazia macho. Je, niendelee kuwakazia?

Baba wa Mapacha

JIBU

Ndugu yangu, endelea kuwakumbusha, kwa kuwa adabu ya ulimi ina faida yake hata kabla moyo haujaifikia, lakini usitegemee macho peke yake. Mtoto hujifunza kushukuru kwa kuwasikia wakubwa wakishukuriana, hasa siku ambayo mambo yameharibika na sauti zimepanda. Mapacha wako wakikusikia ukimwambia mama yao, mbele yao, kwamba uliona alivyorudi kuokota vigae vya glasi gizani ili wao wasikanyage, watakuwa wamejifunza jambo ambalo huwezi kuwafundisha kwa kuwakemea mbele ya wageni.

Lipo swali moja ambalo nimelitumia kwa miaka mingi na watoto walio karibu nami, nami nakupa ulijaribu. Usiku kabla hawajalala, usiwaulize wanashukuru nini, kwa sababu watakutajia vitu vya kuchezea na kusinzia. Muulize kila mmoja: "Leo nani alikusaidia, na alikuwa anafanya nini kabla hajakiacha ili akusaidie?" Siku za mwanzo watajibu sehemu ya kwanza tu, na ya pili itawashinda. Usiwajibie. Wape hadi kesho wakaulize wenyewe.